Mtu wa Saba Ndani ya Chenga

Aidah alikuwa hajamaliza kusafisha hata robo ya filamu alipohesabu watu na kupata saba.

Akahesabu tena, safari hii kwa ncha ya kalamu, akigusa kioo cha kompyuta. Mwanamke mwenye ungo. Mume wake. Mama mkwe. Vijana wawili wa kubeba magunia. Mganga. Sita, kama majina yalivyoandikwa mwanzoni. Na nyuma ya mganga, kwenye mlango wa mashine ya kusaga, mahali ambapo asubuhi palikuwa na weusi mtupu, alisimama mtu mwingine, mikono ikining'inia. Hakuwa anafanya lolote. Alisimama kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Mpita njia huyo," Aidah akajiambia, akaendelea na kazi. Filamu za watu wasio na kitu hupitiwa na kila kiumbe. Aliwahi kuona moja ambamo mbuzi alikula majani ya kaburi la bandia huku marehemu akicheka ndani yake.

Duka lake lilikuwa mtaa wa Hai Jalaba, chumba kimoja chenye pazia zito mlangoni ili jua lisiue picha. Alikuwa ametoka Mbale miaka tisa nyuma. Watu walimjua kwa kuweka nyimbo na filamu kwenye flashi, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kufufua kanda: harusi zilizoliwa na ukungu, ubatizo uliogeuka kijani, na zaidi ya yote filamu za kutisha zisizojulikana na mtu, zile zilizopigwa vijijini kwa kamera ya mkononi, zikanakiliwa nakala juu ya nakala, zikauzwa kwenye diski mpaka jini na anayemkimbia wakawa madoa mawili meusi yanayofukuzana. Hilo lilimuudhi sana. "Wanauzia watu giza," alizoea kusema, "halafu wanaandika juu ya kasha kwamba ni filamu."

Hii aliletewa Jumatatu na ustaz Celestino, kama walimu wote wanavyoitwa hapa, mwalimu wa hesabu kutoka Kator, aliyeingia na kanda iliyofungwa kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa na binti yake Peace, msusi wa saluni moja Gudele, msichana mrefu mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake mlangoni.

"Inaitwa *Mgeni wa Unga*," mzee alisema. "Tulipiga sisi wakimbizi, huko Koboko, mwaka wa tisini na tisa. Mimi nilishika bati la kurudisha mwanga wa jua. Mke wangu Kiden iko ndani. Yeye ndiye mwenye ungo."

"Na sasa mama iko wapi?"

"Alikufa Peace akiwa na siku nane."

Aidah akasema pole. Mzee akaendelea, macho yakiwa kwenye kile kitambaa. "Picha zake zote zilibaki njiani tulipokimbia mara ya pili. Imebaki hii tu. Na diski walizouza sokoni ni mbaya kuliko hii."

"Kila siku naangalia, nyabo," Peace akadakia, akimwita bibi kwa heshima ya kwao Mbale, akitabasamu, lakini sauti ilimpungua. "Tangu niko mdogo. Namuuliza baba, mama ni doa lipi?"

Mwezi uliofuata Peace alikuwa anaolewa. Alitaka kumwona mama yake kabla ya siku hiyo, basi. Aidah akaingiza kanda kwenye deki. Chenga zilijaa kioo kama mvua ya mchanga, na katikati yake mwanamke akapita na ungo, uso wake umefutika kama uji uliomwagika. Aidah aliwaeleza kwamba alikuwa na programu mpya. Inapitia picha moja moja, inatazama kilichobaki, halafu inakisia kilichopotea.

"Inakisia kutoka wapi?" ustaz akauliza, kama mwalimu wa hesabu.

Aidah alicheka. "Mimi sijui, mzee. Lakini inakisia vizuri."

*

Jumatano asubuhi, Peace alinyoosha mikono kumchukua mtoto wa jirani, ambaye yeye humbeba kila siku mama wa mtoto anapochota maji. Mtoto akamtazama, akapiga yowe. Alijipinda nyuma kwa nguvu mpaka akakaribia kudondoka. Mama yake akashangaa, akasema labda ni meno.

Saluni, mteja aliyesukwa naye kwa miaka mitatu alikaa kwenye kiti, akatazama kwenye kioo cha ukutani, akauliza, "Na Peace leo hayupo?"

"Mimi hapa, sista."

Mteja akageuka, akakunja macho kama anayesoma maandishi madogo. "Eh, malesh, samahani. Sikukuona vizuri." Lakini muda wote wa kusukwa hakutazama tena kwenye kioo.

Peace mwenyewe alitazama. Kioo kilikuwa safi. Kiti kilionekana, chanuo kilionekana, mikono yake ilionekana hadi kucha. Usoni tu palikuwa na ukungu, kama mvuke wa chungu. Akapangusa kioo kwa kanga. Akapangusa tena. Simu yake, inayofunguka kwa kuangaliwa, ilimkataa mara tano. Na jioni ile mchumba wake Gune alimpita barabarani kwa pikipiki, akapunguza mwendo, akamtazama moja kwa moja, akaendelea na safari.

Hakumwambia baba yake chochote. Angesemaje? Alisema tu kwamba kuna mtu anasaga unga karibu na nyumba, maana harufu ya unga wa moto, ule unaotoka kwenye mashine, ilikuwa imemfuata siku nzima. Ustaz alimtazama haraka. Karibu na nyumba yao hapakuwa na mashine ya kusaga.

*

Dukani, harufu hiyo hiyo ilikuwa imeingia tangu Jumanne. Aidah alifagia, akahamisha meza, akatafuta panya aliyekufa, ingawa alijua vizuri kwamba panya hanuki unga.

Nyuso za waigizaji zilikuwa zinarudi. Mama mkwe alipata makunyanzi, vijana wakapata ndevu changa, Kiden akapata shingo na sikio lenye hereni. Uso wa Kiden peke yake uligoma. Programu ilifika hapo ikazunguka, ikarudisha ukungu. Na mtu wa saba alikuwa hatoki. Katika kila tukio alikuwepo, na katika kila tukio alikuwa amesogea. Mara mlangoni. Mara kando ya magunia. Mara nyuma ya bega la mume. Wengine hawakumtazama hata mara moja. Hakuwa na uso, lakini kila Aidah alipofungua kazi asubuhi alikuta mahali pa uso pamejaa kidogo zaidi, kama bakuli linalowekwa chini ya bomba linalovuja.

Alhamisi saa nane mchana, jua likiwa kali nje na barabara ikipiga kelele, umeme ulikatika. Feni ikasimama. Kompyuta ikazimika. Aidah akanyoosha mkono kuvuta pazia apate hewa, akasikia nyuma yake, kwenye deki ambayo haikuwa na umeme, sauti ya mkanda wa mashine ukizunguka polepole, tak, tak, tak, kama mashine inayopashwa moto kabla ya kumwagiwa mahindi.

Hakugeuka. Alisimama ameshika pazia, mguu mmoja kwenye jua, mpaka umeme uliporudi wenyewe na kompyuta ikawaka bila kuguswa, na alipojilazimisha kutazama aliona kwamba filamu ilikuwa imesimama kwenye tukio la mwisho, Kiden akiwa amepiga magoti kizingitini na ungo kifuani, na kwamba wote walikuwa wametulia kama picha inavyotulia ikisimamishwa, isipokuwa yule wa saba, ambaye alikuwa anaendelea kutembea, taratibu, akimzunguka mganga, akiwapita vijana, akija mbele kabisa ya kioo hadi kichwa chake kikajaza fremu nzima, na chenga za mwisho zikadondoka usoni pake kama pumba zinazopepetwa, na uso ukabaki.

Ulikuwa uso wa Peace.

Aidah alitoka nje akaketi kwenye vumbi mbele ya duka, wanunuzi wakimruka. Peace alizaliwa mwaka uliofuata, baada ya kanda ile kupigwa.

*

Ustaz aliitwa kwa simu, akafika kwa bodaboda na binti yake. Peace alikuwa amejifunika tobe kichwani kama bibi wa Kisudani, na alipoifunua ndani ya duka, Aidah aliweka mkono mdomoni. Uso ulikuwepo, pua ilikuwepo, macho yalikuwepo. Lakini jicho la mtazamaji halikukaa. Liliteleza, likaangukia sikio, bega, ukuta. Ukijaribu kukumbuka ulichoona sekunde moja nyuma, hukuti kitu.

"Nyabo Aidah," Peace akanong'ona, "niambie ukweli. Unaniona?"

"Nakuona, mdogo wangu."

"Unadanganya."

Ustaz hakukaa. Alitazama kile kichwa kwenye kompyuta, kilichokuwa kimetulia sasa, kikitabasamu tabasamu la bintiye, akatoa simu, akampigia Jonah, mtu aliyeongoza filamu ile, ambaye bado alikuwa anaishi Arua. Aliweka simu mezani ili wote wasikie.

"Jonah. Kwenye filamu tulikuwa wangapi mbele ya kamera?"

"Nani amesafisha hiyo picha?" sauti ikauliza.

"Jibu swali."

"Sita. Lakini nilipotazama kanda ya kwanza nikaona saba. Kiden alikuwa tayari amezikwa, ustaz. Ningekuambia nini? Ile mashine ya zamani, wenyeji walitukataza. Walisema kuna kitu ndani, hakina sura, msikipe chakula. Sisi tukamwaga unga wa kweli kwenye kizingiti kwa sababu unga wa kweli unaonekana vizuri kwenye kamera." Akakohoa. "Basi nikanakili. Nakala juu ya nakala, mara ishirini, kila mara napunguza mwanga, mpaka asionekane. Watu walinitukana. Walisema Jonah hajui kazi, picha zake ni usiku mtupu. Nikanyamaza."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Kiden alikuwa ndani," Jonah alisema. "Nilishindwa."

Aidah akainama kwenye simu. "Mzee, na pale mwisho, kizingitini, mama anasema nini? Sauti imeharibika."

"Ni mwanamke mwenye njaa, anaomba. Anasema, chukua sura yangu na sura ya uzao wangu, nipe unga." Kisha kwa haraka, "Tulikuwa tunaigiza tu!"

"Sisi, ndiyo," ustaz alisema. Alikuwa amekwisha kufanya hesabu. Siku ile ya kupiga tukio la mwisho Kiden alikuwa na mimba changa. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

*

Aidah ndiye aliyemtaja Faki Abdelbagi, mzee aliyeuza ubani na manukato mitaa miwili kutoka pale, ambaye watu wa Hai Jalaba humwendea kwa mambo yasiyopelekwa hospitali.

"Mimi ni Mkatoliki," ustaz alisema.

"Na jini ni dini gani, mzee?"

Faki alikuja Ijumaa baada ya sala, jua likiwa limeanza tu kuinama, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuketi akiipa mgongo televisheni iliyokuwa pembeni mwa duka. Alikuwa mtu mkavu, mwenye haraka, asiyependa maneno mengi. Alisikiliza kisa chote huku akichochea mkaa kwenye jiko dogo.

"Kitu kisicho na sura kinapenda sura," alisema. "Kiliahidiwa. Mama akafa kabla hakijamfikia, na mkafunika picha, kikapotea njia. Mmekifungulia. Maneno yalitolewa mbele ya picha, yatarudishwa mbele ya picha. Wewe biniya, utasema hapana, pale pale mama yako anaposema chukua. Na wewe ustaz, akishasema, utaing'oa kanda kwa mkono na kuiweka motoni. Si huyu fundi. Wewe. Aliyekuwa wake."

"Lakini tayari imekaribia kusafika," ustaz alisema, na sauti yake ilikuwa ya kusihi. "Uso wa mke wangu. Bado kidogo tu. Binti yangu hajawahi..."

"Baba," Peace alisema.

Faki hakugeuka. "Sura ni moja, ya marehemu Kiden na huyu biniya. Chagua iwe wapi."

Aidah akafuta kila alichohifadhi kwenye kompyuta. Akafungua skrubu za deki, akatoa mfuniko, kanda ikabaki wazi kama utumbo. Akachomeka kwenye televisheni. Hakukuwa na programu sasa, hakukuwa na kitu cha kusafisha. Ilikuwa kanda ile ile iliyoletwa kwenye kitambaa. Akabonyeza.

Picha ilitoka angavu kama dirisha.

Jua la Koboko liliingia dukani. Majani yalionekana moja moja. Harufu ya unga wa moto ikapanda mpaka Aidah akahisi vumbi lake kwenye ulimi, na mkanda wa mashine ukaanza kupiga, tak, tak, tak. Faki, ambaye bado alikuwa ameipa televisheni mgongo, akainua kidole. "Mnasikia hatua? Hizo hazimo kwenye filamu. Zimo humu ndani."

Kiden akapiga magoti kizingitini. Kichwa kilikuwa kimeinama. Nyuma yake, mlangoni, hapakuwa na mtu wa saba, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana wote wanne walijua kwamba kama hayuko pale basi yuko mahali pengine, na Peace akaanza kulia kwa sauti ndogo akisema kuna pumzi shingoni pangu, baba, kuna pumzi, na ustaz alipomgeukia aliona tobe, aliona nywele, aliona machozi yakidondoka kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu, laini kama ukuta uliopigwa lipu, na kwenye kioo Kiden akainua ungo, akafungua mdomo, akasema kwa sauti safi ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kwa miaka ishirini na minne, "Chukua sura yangu na sura ya uzao wangu..."

"Hapana!" Peace alipiga kelele. "Mimi sikutolewa! Sura hii nilipewa na Mungu tumboni, na mama yangu alikuwa na njaa ya kuigiza! Hapana! Toka!"

Mashine ikanyamaza ghafla. Na Kiden akainua kichwa.

Ustaz alikuwa ameshaweka vidole kwenye kanda. Alimwona. Alimwona mzima, paji la uso, macho, mdomo, kama siku aliyomposa, akitazama nje ya kioo moja kwa moja kwake, jicho likilowa.

"Celestino," alisema Kiden. Hili halikuwa kwenye filamu. "Celestino, usinizime."

Mzee hakuvuta. Faki alikuwa anasoma kwa sauti, haraka haraka. Aidah alikuwa anapiga kelele, "Vuta, mzee, vuta!" Lakini ustaz hakuwasikia. Alikuwa anasikia jina. Kiden hakuwahi kumwita kwa jina la ubatizo hata siku moja, alilicheka, alisema ni jina la padri. Tangu utoto mpaka siku ya kufa alimwita Lado.

"Wewe si mke wangu," akasema, akavuta.

Kanda ilitoka ikipiga mluzi. Aliivuta kwa mikono miwili kama anayevuta kamba ya kisima, ikamkata vidole, ikamwangukia miguuni, nyeusi juu ya nyeusi, na kwenye televisheni ule uso ulinyooka, ukarefuka, ukatoa mlio wa jiwe la kusagia linapokosa nafaka. Akaikusanya yote kifuani na kuitupa juu ya mkaa. Moto ulikuwa wa kijani. Moshi ulinuka mahindi yaliyoungua, halafu plastiki, halafu moshi tu.

Televisheni ilibaki na chenga.

Faki akajipangusa jasho, akageuka kwa mara ya kwanza, akamtazama Peace kwa muda. "Kalas," akasema, akaanza kukusanya vitu vyake. Aidah alikuwa anamtazama pia, na jicho lake halikuteleza. Alimshika mashavu kwa viganja viwili, akamgusa pua, akacheka huku akilia. Ilikuwa ni Peace.

*

Siku ya Jumapili, baada ya misa, baba na binti walikaa barazani kwao Kator. Jirani walipita wakisalimia. Peace alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mara kwa mara aliufungua mkoba wake, akajitazama kwenye kioo kidogo, akaufunga.

"Baba," akasema. "Pale mwisho mimi nilifumba macho. Niliogopa. Lakini wewe ulimwona."

"Nilimwona."

"Basi nieleze. Sitauliza tena. Alikuwaje?"

Ustaz akavuta pumzi aanze. Alikumbuka mikono ya Kiden, kovu la kisu kwenye kidole gumba. Alikumbuka ndala zake, wimbo aliouimba akisonga ugali, uzito wa kichwa chake begani. Akapanda juu, shingo, hereni, kidevu, na hapo alisimama. Akajaribu tena. Siku aliyomposa. Siku ya harusi. Siku ya mwisho kitandani. Kila mahali alimkuta Kiden, na kila mahali, juu ya shingo, palikuwa na chenga, nyeupe na nyeusi, zikichemka bila sauti.

"Baba?"

Alimtazama binti yake, aliyekuwa ameegemea mbele, akisubiri.

"Paji lake lilikuwa pana," mzee alisema polepole, akilitazama paji lililokuwa mbele yake. "Nyusi hazikukutana. Macho yalikuwa marefu kidogo, hivi, na la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, mtu haoni mpaka akae naye karibu." Akasogea karibu zaidi. "Alipotaka kulia, mdomo ulitangulia kutetemeka upande mmoja."

"Upande upi?"

Akangoja mpaka akauona kwa bintiye.

"Huu," akasema, akamgusa.